Majiko Arobaini ya Kileleni

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo Nyati alikuwa na nyumba ya vyumba vinne, kitanda cha kamba na mke wa kumsema, palikuwa na nchi moja ya milima mitatu. Kaeni vizuri niwaeleze hiyo milima kwanza, kwa sababu asiyeijua milima hatamwelewa Nyati, na mimi leo sirudii.

Mlima wa kwanza uliitwa Sengeya. Ulikuwa mrefu, kichwa kimejaa theluji, na hakuna aliyekuwa na shida nao. Wa pili uliitwa Mangwa, nao ulikuwa umevunjikavunjika juu kama chungu kilichoanguka. Wa tatu ndio wetu. Huo uliitwa Kitongo. Ulikuwa mfupi na mnene, na juu kabisa, badala ya kuwa na ncha kama milima yenye adabu zake, ulikuwa umebonyea. Ukipanda mpaka ukingoni unatazama chini ndani ya bonde la mviringo, lina kuta za mawe pande zote, majani mabichi mwaka mzima, na katikati ziwa dogo la kijani lenye magadi kandokando.

Kitongo ulikuwa mlima wa moto. Zamani sana, kabla hata ya zamani yangu hii, ulitapika. Mawe yakayeyuka yakateremka ubavuni kama uji uliofurika sufuriani, yakapoa, yakawa meusi na magumu. Halafu mlima ukalala. Nimesema ukalala, sikusema ukafa. Mle bondeni ardhi ilikuwa na nyufa ndogondogo zisizo na idadi, na kila ufa ulitoa mvuke mwembamba, mwembamba kiasi kwamba ukiwa chini tambarare huuoni kabisa.

Ndani ya bonde hilo alikaa Pimbi, jina lake Bi Ndeshi, mjane, na wajukuu wake. Mnamjua pimbi? Ni mdogo, hana mkia, na ukimwona juu ya jiwe utadhani ni panya aliyekula vizuri. Bi Ndeshi hakuwahi kupika maishani mwake. Majani aliyala mabichi, na baridi ilipomzidi alilalia mawe yaliyopashwa moto na mlima wenyewe. Kuni za nini?

Sasa hapo ndipo maneno yalipoanzia. Nchi ile ilikuwa ya baridi, na wanyama wake walikuwa na sheria moja waliyoiheshimu kuliko zote, sheria ya moshi. Nyumba inayotoa moshi ni nyumba ya mtu. Ukifika, unapiga hodi, na usipoitikiwa karibu unangoja nje, uwe chui, uwe tembo. Lakini mahali pasipoonekana moshi asubuhi saba mfululizo ni mahame. Yeyote anaweza kupachukua, ilimradi asimame mlangoni mbele ya mashahidi aseme kwamba hapa moto umekufa.

Kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza Bi Ndeshi habari za moshi. Kisha kikaja kiangazi kirefu. Majani ya tambarare yakawa makavu, yakikanyagwa yanalia kacha, kacha. Visima vikabaki matope. Na Nyati, ambaye ng'ombe wa mwituni wote walimwita Baba Kishindo kwa jina la mwanawe wa kwanza, akaanza kuinua macho.

Aliinua macho asubuhi ya kwanza, akaona ukingo wa Kitongo una rangi ya kijani. Akatafuta moshi, hakuuona. Asubuhi ya pili akatazama tena. Hakuna. Ya tatu, hakuna. Moyo wake ukafurahi, na alipofurahi alifanya jambo ambalo mtu mwenye akili hulifanya mwisho, yeye akalifanya mwanzo.

Alikwenda kwa shemeji yake Kifaru. Kifaru alikuwa amekaa miaka akilitamani lile shamba la Nyati lililo karibu na kisima kikubwa, na kila walipokutana alilisifia mpaka inachosha. Nyati akamwambia achukue. Achukue shamba, achukue kisima, achukue na nyumba ya vyumba vinne, kwani yeye siku ya saba anahamia kileleni na hana haja tena na vitu vya tambarare. Akayasema hayo mbele ya mashahidi, kwa sauti kubwa, kifua mbele. Kifaru hakutaka arudie mara mbili.

Mama Kishindo alipozisikia habari hizo alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Baba Kishindo, hilo bonde umeliona?"

"Nimeona halina moshi."

"Nimekuuliza bonde."

Nyati akamjibu kwamba mambo ya sheria ni mazito, wanawake wasiyaingilie. Mama Kishindo akaokota ungo wake, akaendelea kupepeta, lakini kuanzia hapo alipepeta kwa nguvu mno, tss, tss, tss, na Nyati akaona afadhali atoke nje.

Siku ya nne akapanda mlima, si kwa heshima, bali kwenda kupima pa kuweka kitanda chake. Alimkuta Bi Ndeshi ameketi juu ya jiwe anaota jua. Hakumwamkia, ingawa yule bibi alikuwa na umri wa kumzaa. Alimweleza tu kwamba asubuhi nne zimepita bila moshi, zimebaki tatu, na aanze kufunga mizigo.

Bi Ndeshi akashtuka. Msidhani kwamba kwa kuwa ni mjanja basi hakushtuka. Bonde lile ndimo alimozaliwa, ndimo alimozika mumewe, na wajukuu wake hawakuwa na mahali pengine duniani. Akamwambia Nyati kwamba kule juu hakuoti hata mti mmoja, na msitu ulio chini una vijana wa Nyati wamejaa kila njia. Kuni atazitoa wapi?

"Hilo ni lako," Nyati akasema, na akatabasamu, kwa sababu wale vijana aliwaweka yeye.

Bi Ndeshi akatazama chini, akatazama ule ufa mdogo ulio karibu na miguu yake. Kisha akauliza swali ambalo Nyati hakulitegemea.

"Mwanangu, sheria inadai moshi au inadai kuni?"

"Inadai moshi."

"Moshi unaoonekana?"

"Unaoonekana asubuhi, na mtu aliye chini. Kila mtoto anajua."

"Sawa," alisema Bi Ndeshi. "Nilitaka tu kujua."

Nyati akateremka. Alipofika katikati ya njia akasimama. Kwa nini bibi yule ameuliza vile? Na kwa nini amesema sawa? Mtu anayefukuzwa kwake hasemi sawa. Angelia, au angetukana, au angerusha mawe, hayo Nyati angeyaelewa. Lakini sawa? Akatingisha masikio, akaendelea kushuka, ila ile sawa ikashuka naye mpaka nyumbani.

Asubuhi ya tano akaamka mapema, akatoka nje, akainua macho. Pale juu ya Kitongo palikuwa na moshi. Mmoja tu, mweupe, umesimama wima.

Akafumba macho, akayafumbua. Bado upo. Akawaita vijana wake mbio, akawauliza nani amempa bibi kuni. Wakaapa kwamba hakuna pimbi aliyekanyaga msituni, hata kijiti cha kuchokonolea meno hakijapita. Nyati akawaambia basi lile ni wingu. Wakatazama lile wingu. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba ni wingu la ajabu, lina mguu.

"Wingu," Nyati akasema tena, na maneno yakaishia hapo.

Ninyi mnataka kujua, nami sina tabia ya kuficha. Bi Ndeshi na wajukuu wake walichukua tope la ziwani, wakalichanganya na majani, wakaanza kuziba nyufa. Si zote. Waliziba zile ndogondogo zilizolizunguka shimo moja kubwa, wakashindilia kwa miguu yao midogo, tapu tapu tapu. Sasa mvuke uliokuwa ukitoka mahali mia ukakosa pa kutokea, ukakusanyika wote, ukapanda kwa lile shimo moja. Ni hayo tu. Siku iliyofuata wakaziba zaidi na kuacha mashimo kumi na mawili. Nyati hakuyajua haya, mnayajua ninyi, kwa hiyo tulieni na msinicheke mapema.

Asubuhi ya sita ikawa na mioshi kumi na miwili.

Nyati aliihesabu mara nne. Mara ya kwanza akapata kumi na moja, mara ya pili kumi na tatu, kisha kumi na mbili mara mbili. Kichwa kikamuuma. Ajuza mmoja na vijukuu vyake, majiko kumi na mawili ya nini? Wamekuja wageni? Wametoka wapi, na wamepita njia gani pasipo vijana wake kuwaona? Wanapika nini, na kwa kuni zipi? Kila swali alilolishika lilikuwa limeshikana na jingine, akavuta moja yakaja yote.

Mama Kishindo akaja akasimama kando yake. Akamwambia kwa upole, maana alimhurumia, kwamba sheria iko wazi. Moshi ukionekana hata asubuhi moja, hesabu ya saba imekatika. Aende kwa Kifaru leo leo, akamwombe radhi, waachiwe nyumba yao kabla jamaa hajahamia.

Hapo Nyati angeweza kuponea. Lakini alifikiria vile alivyosimama mbele ya mashahidi, kifua mbele, akitoa shamba kama mtu anayetoa ndizi moja katika mkungu. Arudi leo aseme nilikosea? Akasema wingu lile litaondoka, na kesho asubuhi kila mtu awe amefunga mizigo.

Asubuhi ya saba hakuinua macho kabisa. Aliogopa. Akawapanga watu wake huku ameinamisha kichwa, wazee mbele, ndama tisa katikati, akina mama nyuma na vyungu, vitanda na vinu. Walipokuwa wanatoka upande mmoja wa ua, Kifaru alikuwa anaingia upande wa pili na kigoda chake. Akawatakia safari njema. Akaketi barazani, akaanza kujisifia jinsi upepo wa pale ulivyo mzuri.

Safari ile haikuwa mchezo. Walipita kwanza msituni, palipo na ukungu na kuvu kwenye miti. Wakatokea kwenye yale mawe meusi yaliyotiririka zamani, yenye makunyanzi na makali ya kukata kwato. Baada ya hapo ukaja mteremko wa majivu ya mlima. Pale, wanangu, ukipiga hatua moja unarudi mbili. Vyungu vilibiringika. Kinu cha Mama Kishindo kiliteremka peke yake mpaka msituni, gudu, gudu, gudu, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukifuata. Ndama walilia kiu. Nyati akawaambia maji yapo juu, majani yapo juu, bado kidogo, na alipokuwa anasema hivyo alijua kwamba nyuma hakuna tena nyumba ya kurudi.

Wakafika ukingoni. Nyati akainua macho, kwa sababu sasa hapakuwa na jinsi.

Mioshi arobaini. Ilitoka kila pembe ya bonde, minene, myeupe, ikipanda taratibu kama ya watu wasio na haraka. Kati ya mioshi hiyo kulikuwa na majani ya kufika magotini na lile ziwa la kijani. Na harufu! Bonde zima lilinuka mayai viza.

"Wanapika mayai," mzee mmoja akasema.

"Wote?" akauliza mwingine. "Nyumba arobaini, siku moja, mayai, na yote yameoza?"

Nyati alisimama akijaribu kuelewa ni watu wa kabila gani hao wanaopika mayai viza, wasioonekana, ambao nyumba zao hazina mapaa. Maana alitazama vizuri, na chini ya kila moshi hakuona nyumba. Aliona majani na mawe. Au wamejenga kwa chini? Watu hujenga kwa chini? Akahisi kama mtu aliyeamshwa ghafla mchana, asiyejua ni asubuhi au jioni.

Lakini sheria ilikuwa sheria, tena aliyekuja nayo ni yeye. Penye moshi hapaingiwi bila hodi. Akakohoa, akasimama wima, akanguruma:

"Hodi!"

Kutoka upande wa pili wa bonde sauti ikasema, "Hodi!"

Nyati akarudi nyuma hatua moja. Ninyi mmecheza kwenye makorongo, mnajua kinachotokea sauti ikigonga ukuta wa mawe. Nyati alikuwa mtu wa tambarare, na tambarare sauti ikienda imekwenda. Alichokielewa yeye ni kwamba upande wa pili, nyuma ya mioshi, kuna mgeni mwingine naye anapiga hodi. Na kwa adabu za nchi ile, wageni wawili wakibisha pamoja, aliyekuja nyuma humngoja wa kwanza akaribishwe.

"Nani alianza?" akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini. "Mimi au yeye?"

"Nimesikia sauti yako mara mbili," alisema Mama Kishindo.

"Si yangu. Ile ni ya mtu mzima, mzito, mwenye malezi, na bila shaka ametutangulia."

Basi wakangoja yule mwenye malezi akaribishwe. Jua likapanda. Ndama walitazama maji na kuramba midomo. Baada ya muda Nyati akajaribu tena, taratibu kidogo ili asionekane ana haraka, na yule wa upande wa pili naye akabisha taratibu vilevile. Nyati alimhurumia. Alijua kabisa mwenzake anavyojisikia.

Jua lilipokuwa utosini, Bi Ndeshi akatokea kwenye jiwe lake, akajinyoosha, akawauliza mbona wamesimama na mizigo kichwani. Nyati akamweleza kwamba wanamsubiri mgeni aliyetangulia. Bi Ndeshi akageuza uso pembeni, akakohoa kwa muda mrefu kidogo, mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa mkavu.

"Huyo amebisha hapa tangu sijazaliwa," alisema. "Hajaitikiwa bado."

Hapo Mama Kishindo akachoka. Alikuwa na ndama wenye kiu, kinu kimempotea, na mume anayemhurumia mtu asiyekuwepo. Akatua chungu, akateremka hatua chache tu mpaka kwenye moshi ulio karibu zaidi, akaingiza pua. Akaitoa upesi, ina unyevu.

"Baba Kishindo, hapa hakuna jiko," alisema. "Hakuna mafiga, hakuna kuni, hakuna jivu. Ni mvuke unatoka kwenye shimo. Na huku pembeni kuna tope la juzi, lina alama za vidole vya pimbi."

Kila mtu akamtazama Bi Ndeshi. Wajukuu wake, waliokuwa wanachungulia nyuma ya mawe, wakajificha wote kwa mara moja.

Nyati akaelewa. Kwa mara ya kwanza katika siku tatu kitu kikakaa sawa kichwani mwake, na utamu wa kuelewa ukamlevya. Akainua pembe, akawaita wazee wake wawe mashahidi, wasikilize. Bibi huyu ni mwongo. Moshi wake si moshi, jiko lake si jiko, hapa hapana moto wala hapajawahi kuwa na moto, na kwa hiyo hapa ni mahame. Watu wake wakapiga vigelegele. Wakashusha vitanda.

Bi Ndeshi hakukimbia. Moyo ulikuwa unampiga, lakini alikaa palepale juu ya jiwe.

"Ni kweli," alisema. "Nakiri mbele ya mashahidi. Sijawasha moto hata siku moja. Nimeziba nyufa tu. Ingia, mwanangu, mimi sina nguvu za kukuzuia."

Nyati akateremka. Hatua ya kwanza, jiwe. Ya pili, jiwe. Ya tatu aliiweka kwenye majani, akasikia kwato inaungua. Ya nne ardhi ikalia, bu, kama ngoma. Alikuwa mzito, mnakumbuka, na chini ya majani palikuwa na ganda tu la udongo mwembamba. Lile tope la wajukuu likaanza kufyatuka, moja baada ya jingine, pfu, pfu, pfu, na mvuke ukaruka kila mahali, mbele yake, nyuma yake, katikati ya miguu yake. Nyati akaganda.

"Bi Ndeshi," aliita. "Ni nini hiki?"

"Ni moshi ambao si wangu."

"Ni wa nani?"

"Ndilo swali nililotaka kukuuliza. Umesema mwenyewe mimi sipiki. Kuni hakuna, jiko hakuna, na bado inachemka usiku na mchana. Basi kuna anayepika, na yuko humo chini unapokanyaga. Mimi hapa ni mpangaji tu. Miaka yote nimekaa kwake na sijawahi kumwona. Ila mimi ni mwepesi, simlemei. Wewe umeingia kwake na kwato nne, na sikusikia umeitikiwa."

Wanangu, pale ujanja wote wa Bi Ndeshi ulikuwa umekwisha. Alikuwa amebaki na ukweli peke yake, na akauweka mezani. Nyati hakuweza tena kutenganisha. Kama moshi si wa bibi, basi bibi ni mwongo. Kama bibi ni mwongo, pana mwingine. Kama pana mwingine, si mahame. Kama si mahame, yeye amesimama ndani ya nyumba ya mtu mkubwa kuliko milima bila ruhusa, mbele ya mashahidi aliowaita mwenyewe. Akarudi kinyumenyume akikanyaga alama zake, mpaka kwato zikapata jiwe la ukingoni.

Akainamisha pembe kwa lile shimo alilolinusa mkewe. Sauti ilimtoka ndogo, sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

"Hodi, mwenyewe."

Chini kabisa, mbali, mlima ukatoa mngurumo. Nguu. Mawe madogo yakaporomoka kutoka kwenye kuta, kisha kukawa kimya.

Nyati akamtazama Bi Ndeshi. "Hiyo ni karibu au ni toka?"

"Sijui, mwanangu," alisema Bi Ndeshi, na safari hii hakukohoa, kwa sababu kweli hakujua. "Mimi humsubiri aseme vizuri zaidi."

Mama Kishindo akabeba chungu chake. Akamfuata Bi Ndeshi jiweni, akamwamkia shikamoo, akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yake, akamuuliza kama pana mahali popote kwenye mlima ule ambapo ndama tisa wanaweza kunywa maji bila kumkanyaga mtu. Bi Ndeshi akamtazama yule mama, midomo imekauka, kinu hana. Akateremka jiweni. Akawaongoza mwenyewe, akipita mbele na miguu yake mifupi, mpaka chini ya yale majivu, kwenye msitu wa ukungu, palipo na chemchemi baridi na majani ya kutosha, ambapo mlima ni mnene na unabeba mtu yeyote. Ndiyo maana mpaka leo nyati wa milimani hukaa msituni, na pimbi hukaa juu yao.

Kabla ya kuondoka Mama Kishindo alimgeukia mumewe.

"Twende."

Nyati hakujongea. Kushuka ni kuja kukutana siku moja na Kifaru, asalimiwe kama mgeni. Na tena alikuwa amebisha hodi. Mtu akibisha hodi mbele ya mashahidi haondoki kabla hajajibiwa, ataonekana mwizi.

"Tangulieni," alisema. "Naitikiwa sasa hivi."

Mama Kishindo alimtazama kwa muda. Alimpenda, jamani, pamoja na hayo yote. Akamwachia kitanda cha kamba, akaenda.

Nyati mzee bado yuko pale ukingoni. Ukimpita anakukazia macho bila kupepesa, na watu husema ana hasira, wakakimbia. Hana hasira. Anakutazama kwa sababu anadhani labda wewe ndiye mwenye nyumba. Kila asubuhi Bi Ndeshi anapokwenda kuota jua humzunguka na kumuuliza, "Umejibiwa?" naye humwambia bado. Bi Ndeshi humwekea majani mabichi mbele yake, kwa sababu hana roho mbaya, na huenda zake.

Na maneno yangu ya leo ni haya: ukiichukua sheria kwenda kumtoa mwenzako nyumbani kwake, jiandae kusimama nayo nje, mlangoni.